Meneja wa Chapa na Uzi wa Bluu

Ninyi vijana mkinikuta hapa kwangu mnaniuliza nilifanya kazi gani miaka yote ile kwenye kinu cha unga pale Nyamwamba. Nikiwajibu kwamba nilikuwa nakaa, mnacheka, mnadhani mzee anatania. Sitanii. Niliajiriwa kuwa karani wa ghala kwa sababu nilikuwa na cheti cha sekondari na mwandiko unaosomeka. Nikapewa kiti, na mimi na kile kiti tukaelewana. Wenzangu walipanda lori wakaenda Mpondwe, kwenye soko la mpakani, wakarudi na vumbi na habari za Congo. Mimi niliandika magunia yakitoka, nikafunga mlango, nikafika nyumbani kabla bundu, ugali wetu wa muhogo, haijapoa. Mke wangu husema yeye hakuolewa na mwanamume, aliolewa na kufuli.

Leo nitawaambia habari ya siku nilipopewa kazi ya kuajiri meneja wa chapa. Nawaambia kwa sababu naona biashara zenu zinakua. Asali yenu ina kibandiko chenye nyuki anayecheka, kahawa yenu imo kwenye mfuko unaong'aa, na bado kidogo tu mtaanza kutafuta mtu wa kuwalindia jina. Sikilizeni kosa langu kwanza. Kosa la mwenzako ni rahisi kuliko lako, halivunji mgongo.

Mwenye kinu alikuwa Hajji. Alianza na mashine moja ya kusaga mahindi na mkokoteni. Kufikia wakati ninaousema tulikuwa na mashine nne, duka letu pale Bwera, na lori lililovusha unga wa posho, ndio huo wa mahindi, kwa wanunuzi wa ng'ambo kila siku ya soko. Siku moja Hajji akaalikwa kwenye semina ya wafanyabiashara katika hoteli moja hapa Kasese. Alirudi na kalamu ya bure, daftari la bure, na neno jipya.

"Karani," akaniambia, hajaketi hata kidogo, "tunahitaji brendi meneja."

"Wa nini, Hajji?"

"Wa brendi."

"Brendi ipi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la babu yake mbele za watu. "Hiyo ndiyo atakuja kutuambia. Wewe una mwandiko mzuri. Andika tangazo, uite watu, uchague. Mimi nitakaa pembeni nisikilize."

Sasa, kabla sijafika kwenye waombaji, lazima mjue mambo mawili kuhusu magunia yetu. Yote mawili yalikuwa kazi ya mkono wangu.

La kwanza ni picha. Unga wetu uliitwa Mlima, na mlima uliochapwa kwenye gunia niliuchora mimi. Nilichora Rwenzori, vilele vitatu na theluji juu. Mchapaji alikuwa na wino wa rangi moja tu, na theluji ikapotea. Kikabaki kitu cha mviringo chenye nundu tatu. Wapakiaji wetu walikiita Kichuguu. Mimi niliendelea kukiita Rwenzori, na nilikuwa peke yangu.

La pili ni uzi. Gunia la unga hufungwa mdomo kwa mashine ndogo ya kushikwa mkononi, inayonguruma kama nyigu. Mshonaji wetu wa kwanza, Mungu amrehemu, alinifundisha siri yake siku yangu ya kwanza kazini: mshono ule ni mnyororo, kila kitanzi kimeshika kingine. Ukivuta ncha ya upande usio wake, utavuta mpaka Ramadhani na hautafunguka. Ukijua ncha yake, unavuta mara moja, trrrr, uzi wote unatoka mzima bila kukatika. "Mtu asiyejua ncha," aliniambia, "usimpe kisu. Atakata gunia."

Kila kinu mlichopata kukiona hushona kwa uzi mweupe. Sisi tulishona kwa bluu. Kwa nini? Kwa sababu zamani, dereva alipokuwa anakwenda Kampala, nilimwandikia karatasi: uzi wa kushonea magunia, katoni kumi. Rangi sikuandika. Mwenye duka kule alikuwa na uzi wa bluu uliomlalia, akamshukuru Mungu, akampakilia dereva wetu wote. Hajji alipofungua katoni ya kwanza alitoa koni moja ya uzi, akaigeuza-geuza. Halafu akasema, "Karani, tutashona na huu mpaka uishe, au mpaka wewe uishe."

Nikajua nitaishi na aibu ile miaka michache, basi. Lakini ulipoisha, yule dereva alipewa koni yenye mabaki ya uzi aende nayo kama mfano, akaleta uleule. Na safari iliyofuata vilevile. Wapakiaji wakaniita Mzee wa Bluu. Wake zao wakaniita Mzee wa Bluu. Siku moja kanisani mtu asiyenijua alinisalimia hivyo. Vijana, ukiagiza kitu, andika rangi.

Basi tukabandika tangazo kwenye mlango wa duka, na Hajji akalisambaza kwa WhatsApp. Barua zikaja nyingi mno. Mmoja alituma picha yake amesimama kando ya gari zuri, mkono juu ya boneti, na gari lilikuwa la Hajji. Mwingine aliandika kwamba udhaifu wake mkubwa ni kupenda kazi kupita kiasi, na barua ilifika siku tano baada ya tarehe ya mwisho. Nilijifunza kusoma barua kuanzia chini. Mtu akianza anajipamba, akifika mwisho amechoka, na aliyechoka husema kweli. Kwa njia hiyo nikabaki na wawili.

Wa kwanza alikuwa Kule, kijana wa hapa Kasese aliyesomea Kampala. Alikuja na suti na kompyuta ya mapajani. Tulikaa ofisini kwangu, yaani kona ya ghala yenye meza, Hajji akakaa pembeni kwenye gunia kama alivyoahidi. Kule akaangalia picha ya gunia, akasema, "Huu mlima una hadhi."

Niseme nini? Moyo wangu ukaketi vizuri.

Nikamuuliza, "Ukipata kazi, utaanza kubadilisha nini?"

Akafikiri. Akaangalia gunia, akaniangalia mimi. "Mzee wangu, mimi ni mgeni. Wewe umekaa hapa miaka mingi. Kitu gani kinakukera?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, hata nyumbani. Hasa nyumbani. Kando ya jina lake nikaandika: Huyu.

Wa pili alikuwa msichana anaitwa Masika, wa Karambi. Alikuwa na diploma ya biashara, na huku akingoja kazi alimsaidia mama yake kuuza unga katika soko la Bwera. Alifika kwa boda, viatu vimekuwa vyekundu kwa vumbi. Picha ya mlima hakuiangalia hata mara moja. Alishika gunia sikio, akalilaza, akapitisha kidole juu ya mshono taratibu, kama mtu anayesoma.

"Mzee, huu uzi aliuchagua nani?"

Hajji akaziba mdomo kwa kiganja. Mabega yake yakaanza kuruka.

"Kwa nini unauliza?" nikasema.

"Nataka tu kumjua. Huyo mtu alifanya kazi kubwa."

Nikadhani ananicheka. Mtu aliyeitwa Mzee wa Bluu mpaka kanisani, mgeni akija kusifu uzi wa bluu, angedhani nini? Nikamwambia, "Binti, hapa maswali tunauliza sisi."

"Sawa, Mzee. Lakini hilo nitaliuliza tena."

Kando ya jina lake nikaandika neno moja: Mdomo. Alipotoka, Hajji akapangusa machozi ya kicheko akasema, "Yule wa uzi ana macho." Nikamwambia, "Ana mdomo, Hajji." Akasema basi, uamuzi ni wako. Nikamchukua Kule.

Na Kule alikuwa mfanyakazi mzuri, msije mkanisikia vibaya. Alifika kabla yangu, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ghala lile. Alijua majina ya wapakiaji kabla ya wiki kwisha, wakiwemo Baluku watatu ambao sisi wengine tuliwatofautisha kwa kofia. Wiki yake ya pili nikamwita.

"Ulisema nikuambie kinachonikera."

"Nakusikia, Mzee wangu."

"Huo uzi. Utoe. Weka mweupe, tushone kama watu wenye heshima zao."

Akasita. "Tusiwaulize wateja kwanza? Naweza kwenda Mpondwe siku moja tu, nikawasikia."

Nami nikamjibu, na jibu hili ningependa mlikumbuke siku mtakapojiona mna akili: "Kwani wateja wanakula uzi?"

Akacheka kwa adabu. Uzi mweupe ukaletwa. Siku gunia la kwanza liliposhonwa kwa mweupe nilisimama kuliangalia, nikajiona mtu mpya. Koni za bluu zilizosalia nikaziweka uvunguni mwa meza, moja nikaitumia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo.

Siku ya soko lori likaondoka alfajiri limejaa. Saa saba mchana nikasikia linarudi. Karani wa ghala husikia lori kabla ya kuliona. Lililo tupu huruka-ruka kwenye mashimo, lililobeba hunung'unika. Lile lilikuwa linanung'unika.

Dereva alishuka, akampa Hajji simu. Kulikuwa na sauti iliyorekodiwa na Mama Kavira. Huyu ndiye mnunuzi wetu mkubwa wa ng'ambo. Yeye akichukua unga, wauzaji wadogo wote wa upande wake huchukua. Hajji akaifungua tukaisikia sote, mimi, Kule, na wapakiaji waliojifanya wanafagia.

"Hajji, jambo. Hii bunga haiko ya kwenu. Mifuko iko yenu, bunga iko ya nani? Uzi iko mweupe! Mimi siuzishe batu bunga ya bwizi. Kama munaanza kutuchezea, museme, tutaenda kwa bengine."

Hajji akaisikiliza mara mbili. Kila mtu pale alijua hesabu bila kuandika. Mama Kavira akiondoka, mashine mbili kati ya nne zinazimwa, na watu wa mashine mbili wanakwenda nyumbani.

"Uzi," Hajji akasema. "Nani alisema uzi ubadilishwe?"

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Kilikuwa karibu na mdomo. Kule hakunitazama hata kidogo. Aliangalia chini, akasema, "Ni kazi yangu, Hajji. Mimi ndiye brendi meneja."

"Ulikuwa," Hajji akasema. "Kesho ukabidhi vitu kwa Karani."

Nami nikanywa chai. Ningeweza kuwaambia nilikuwa nimepigwa na butwaa, au kwamba nilitafuta maneno. Hapana. Nilikunywa chai mpaka majani ya chini, na ilikuwa na tangawizi.

Nyumbani sikula. Mke wangu akaniangalia, akaiangalia bundu, akasema, "Bambi, pole, nani amekufa?" Nikamweleza. Akaniuliza swali moja: "Na huyo kijana ana mama?" Nikasema anaye. Akaondoa sahani.

Asubuhi Kule akaja na karatasi ya makabidhiano, imepangwa vizuri, mistari imenyooka. Kompyuta moja, aliyetoa fulani. Mabango sita, aliyeagiza Hajji. Akasoma kila mstari, nami nikaweka alama. Tukafika kwenye uzi mweupe, katoni mbili. Kwenye nafasi ya aliyeagiza hapakuwa na jina.

"Hapa umesahau," nikamwambia.

"Sikusahau, Mzee wangu."

Hakuwa amekasirika. Hilo ndilo lililonishinda. Angenitukana ningepata pa kushikia. Aliniwekea kalamu juu ya karatasi, akaenda kuwaaga Baluku watatu. Nikakaa na ile nafasi tupu. Miaka yote nimejaza nafasi tupu za watu wengine, wala sijawahi kuona mstari mfupi namna ile ukichukua muda mrefu. Halafu nikaandika jina langu, kwa ule mwandiko mzuri, nikampelekea Hajji.

Akaisoma. Akavua miwani.

"Karani. Uliuleta uzi wa bluu kwa kusahau kuandika rangi."

"Ndiyo, Hajji."

"Ukauondoa kwa kukumbuka."

"Ndiyo."

"Wallahi, bora ungeendelea kusahau." Akapiga karatasi kwa kidole. "Na huyu mtoto?"

"Alitaka aende Mpondwe awaulize wateja kwanza. Mimi nilimkataza."

"Na jana ulikuwa wapi ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakunywa chai."

Nilitegemea anifukuze, na nilikuwa tayari nimeanza kufikiria kile kiti kitabaki na nani. Hajji akapaza sauti mpaka nje: "Kule! Rudisha begi lako chini!" Halafu akanigeukia. "Wewe siku ya soko utaenda Mpondwe. Utazungumza na Mama Kavira wewe mwenyewe, kwa mdomo huo uliokuwa na chai."

"Hajji, na ghala?"

"Ghala lina ukuta. Wewe una miguu."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda Mpondwe mara ya kwanza baada ya miaka mingi ya kupeleka magunia huko. Ni mwendo wa saa moja tu na kidogo. Nilipakata mashine ya kushonea mapajani kama mtoto mchanga, koni zote za bluu zilizosalia ziko kwenye mfuko miguuni, ikiwemo ile iliyokuwa inazuia mlango. Nyuma yetu lori lilibeba magunia yaleyale yaliyorudishwa, na Kule alikaa kati yangu na dereva, akinionyesha vitu njiani kama mtalii. "Ile pale, Mzee, inaitwa barabara." Nilistahili.

Mama Kavira alikuwa mwanamke mfupi, kitenge cha manjano, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Nyuma yake walisimama wanawake kama kumi hivi, wauzaji wake.

"Bonjour, Muzee. Wewe njo uliharibu?"

"Ni mimi, Mama."

"Mutu mukubwa hivi!" Akawageukia wenzake. "Muangalie, hata nywele iko nyeupe kama ile uzi yake." Wakacheka vya kutosha, nikangoja. Walipomaliza nikamwomba anieleze, kwa sababu kweli nilikuwa sijui. Unga ni uleule, gunia ni lilelile. Uzi una nini?

Akanishika mkono wa shati akanipeleka hatua chache tu, penye mwanamume anayeuza magunia matupu. Lundo zima. Na katika lile lundo, vichuguu vyangu, kumi, ishirini, vimekunjwa vizuri.

"Mufuko mutupu mutu yeyote ananunua hapa," akasema. "Anatia bunga ya kuchanganya, hata ya kuoza, anashona na uzi mweupe, anauzisha: Mlima, Mlima! Picha iko, maandishi iko. Lakini uzi ya bulu ya mashini, hana. Hapa soko muzima hakuna. Tukiona bulu, tunajua mufuko umetoka kwenu na hakuna mutu amefungua njiani. Tukiona nyeupe, tunajua ni mwizi. Sasa weye unatuletea bunga yako mwenyewe na uzi ya mwizi!"

Nilisimama pale nikiangalia yale magunia. Kosa langu la katoni kumi ndilo lililokuwa kufuli la unga wetu. Lilikuwa limetulinda miaka yote, nami nikaajiri mtu, nikampa ofisi, nikamtuma alivunje.

"Na picha?" nikauliza. Sikuweza kujizuia. "Picha mnaionaje?"

"Picha gani?"

"Ya mlima."

"Aaah! Ile ni mlima? Siye tulizania ni bunga imemwangika."

Kule akageuka upande wa pili, akakohoa muda mrefu.

Tukaenda wote na lori hadi Bwera, karibu tu na hapo, tukachomeka mashine kwenye umeme wa duka letu, mlango wazi, wanawake wote wanaangalia. Tulifungua gunia moja baada ya jingine mbele yao. Mama Kavira akachota unga kiganjani, akakaza ngumi, akaifungua. Nanyi mjifunze hilo: unga ukibaki donge una unyevu, usiununue. Ukimwagika kati ya vidole ni mkavu. Ukamwagika. Akaonja, akaitikia kwa kichwa, nami nikashona kwa bluu. Mkono ulikuwa mzito, mishono yangu ya kwanza ilikwenda kama njia ya mbuzi. Tulifanya hivyo kwa lori zima. Gunia la mwisho Mama Kavira akalichukua yeye, akaitafuta ncha bila kuangalia, akavuta mara moja. Trrrr. Uzi ukatoka mzima. Akauzungusha kidoleni, akautia kwenye pochi.

"Tunafungiaka sombe, ile majani ya muhogo," akanieleza. "Hii sasa njo yenu. Shona tena. Na usirudie."

Kando ya pale kulikuwa na meza ya unga wa kupima kwa kikombe. Juu yake, kwenye msumari, kulining'inia kitita cha nyuzi za bluu zilizovutwa kwenye magunia yetu, kimekua kinene kama mkia wa ng'ombe. Nyuma ya meza alikaa Masika.

Alikuwa ameona kila kitu. Akasogeza gunia, akalipiga-piga vumbi. "Karibu, Mzee. Keti. Hapa maswali nauliza mimi."

Nikaketi.

"Huu uzi aliuchagua nani?"

"Mimi. Kwa bahati mbaya."

"Nilihisi hivyo. Unga wenu unajulikana kwa nini?"

"Jana ningekwambia kwa mlima."

"Na leo?"

"Leo sijui, binti. Nimejua kitu kimoja tu, na nimeambiwa saa hizi."

Akampimia mteja vikombe viwili. Mteja alipoondoka akasema, "Mama yangu ana miaka mingi hapa. Tunawaambia madereva wenu, uzi, uzi, waambieni waandike hata kwenye gunia watu waangalie uzi. Madereva wanasema, tutamwambia Karani. Ulikuwa unaambiwa?"

Nilikuwa naambiwa. Kila dereva aliporudi akasema "wanasifu uzi wako kule, Mzee," nilidhani ananicheka, nikamwonyesha mlango. Hilo nalo nikamwambia.

"Swali la mwisho," akasema. "Siku ile uliandika nini kando ya jina langu? Nilikuona ukiandika kifupi sana."

Mtu anaweza kuzoea kusema kweli. Siku ile nilikuwa nimepata mazoezi. "Niliandika: Mdomo."

Akacheka hadi mama yake akaja kuuliza kuna nini.

Tuliporudi, aliyezungumza na Hajji ni Kule, si mimi. "Mimi najua simu, picha na maduka ya Kasese," akasema. "Yule Masika anajua kwa nini watu wananunua. Chapa apewe yeye, mimi nimfanyie matangazo." Hajji akaniuliza maoni yangu. Nikasema maoni yangu yameshatugharimu lori moja, naomba nitumike kwa mwandiko tu. Nikaandika barua ya ajira ya Masika kwa mkono, na kwenye mstari wa sababu ya kumchagua nikaandika: Ana mdomo. Hajji akatia sahihi bila kubadilisha neno.

Kazi ya kwanza ya Masika ilikuwa kunipeleka Mpondwe kila siku ya soko, mpaka nilipostaafu. Ya pili ilikuwa kuchapisha upya magunia. Juu ya mshono akaweka maneno makubwa: TAZAMA UZI. Mlima aliubakiza, mdogo, pembeni, kwa heshima ya uzee wangu. Kule aliuchora upya. Sasa una theluji.

Kwa hiyo mkitafuta mtu wa kulinda jina la asali yenu, msianze kumwambia kinachowakera. Na akitaka kwenda kuuliza wateja, mpeni nauli.

Siku ya kuniaga, Masika alinizawadia koni ya uzi wa bluu. Ndiyo ile mnayoiona imezuia mlango. Kule alinipa kikombe cha chai. Alikifunga kwenye karatasi, na karatasi yenyewe ilikuwa ile ya makabidhiano, jina langu liko juu. Nakitumia kila siku. Ila nimekuwa mtu wa kunywa haraka, nisije nikaulizwa jambo kikombe kikiwa bado mdomoni.